Kuzima laini ya mafuta mazito ya boila msimu wa baridi

Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Arusha zikishuka hadi nyuzi 12 au chini yake, boila za mafuta mazito zilizozimwa haraka haraka Ijumaa hugoma kuwaka Jumatatu. Pampu inanguruma, geji haipandi. Mafuta yameganda bombani. Mengine huacha kutiririka hata kwenye nyuzi 30, kwa hiyo jua la mchana pale Njiro halitayayeyusha.

Usiyaache mafuta mazito ndani ya bomba. Ukitaka kuzima, laini yote ijae dizeli kwanza.

Piga hesabu ya dizeli mapema. Bomba la inchi 2 hubeba takriban lita 2.2 kwa kila mita, la inchi 1 na nusu lita 1.3. Mita 40 za inchi 2 ni lita 88, na kwa kuwa mafuta mazito hung'ang'ania kwenye kuta za bomba, andaa mara moja na nusu: lita 130 hivi. Laini ya kurudi tenkini ihesabiwe pia. Wengi huisahau, nayo ikiganda haina tofauti na laini kuu iliyoganda.

Kazi yenyewe ifanyike kichomeo kikiwa bado kinawaka, na hapa ndipo pampu nyingi hufa. Hita, yaani kifaa kinachopasha mafuta moto kabla hayajafika kwenye kichomeo, ikiwa kwenye nyuzi 110, usifungulie dizeli yote kwa mkupuo. Dizeli yenye joto hilo huwa nyepesi mno, haiwezi kulainisha gia za pampu, na mvuke wake unashika moto kirahisi pale penye uvujaji. Tena chuma kikipoa ghafla, gia hukaba. Shusha hita kwa nyuzi 2 kwa dakika, si zaidi, huku ukifungua valvu ya dizeli na kufunga ya mafuta mazito kidogo kidogo. Kutoka 110 hadi 60 ni dakika 25 kamili. Mwenye haraka asiguse. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yamepoa kabla dizeli haijafika: simamisha kushusha hita, ongeza dizeli, subiri.

Hita izimwe kabla ya pampu. Mafuta yakisimama ndani ya hita yenye moto huungua na kuacha masizi magumu.

Pitisha dizeli pia kwenye chujio la akiba, bomba la pembeni na kijibomba cha geji. Vipande hivi havina mtiririko, ndivyo huganda vya kwanza.

Wakati wa kufunga, usifungie mafuta kati ya valvu mbili. Yaliyofungiwa kwenye baridi ya alfajiri hutanuka jua likiwaka, na kila nyuzi moja inaweza kuongeza bar kadhaa za shinikizo. Acha njia ya kurudi tenkini wazi, au hakikisha valvu ya usalama inamwaga huko. Kisha piga kufuli swichi kuu ya pampu na utundike lebo.

Na ikiwa bomba tayari limeganda? Usilipashe kwa moto wa mtungi wa gesi. Tumia mvuke au matambara ya maji ya moto, ukianzia upande ulio wazi kuelekea tenki, sogea nusu mita baada ya nusu mita. Ukipasha katikati kwanza, mafuta yaliyoyeyuka hutanuka yakiwa yamezibwa pande zote, na gasketi ya flenji (kiungio cha bomba) hupasuka usoni mwako. Pampu isiwashwe mpaka bomba zima liwe na joto mkononi, hadi kwenye kona ya mwisho.