Kujizoeza Sentensi za Masharti za Kiingereza kwa Kuyaandika Maisha Yako

Watu wazima ninaowafundisha Kiingereza jioni hapa Tanga hufika darasani wakiwa wamekwisha kuzikariri kanuni za sentensi za masharti, yaani zile zenye "if". Wanazijua aina zote nne kwa namba zake, kuanzia aina sifuri hadi ya tatu, na ukiwapa zoezi la kujaza nafasi zilizoachwa wazi hulimaliza bila taabu. Hata hivyo, ukimwuliza mmoja wao angefanya nini endapo mwajiri wake angeamua kufunga duka kesho, husita, huanza sentensi mara mbili au tatu, kisha huiacha njiani. Zoezi la kitabu halikumwandaa kwa swali hilo, kwa kuwa mwandishi wa kitabu alikwisha kumwamulia iwapo jambo linawezekana, haliwezekani au limekwisha kupita, na kumwachia kazi ya kunyambua kitenzi tu. Katika mazungumzo uamuzi huo ni wa msemaji mwenyewe, na hapo ndipo penye ugumu wa sentensi hizi.

Kwa sababu hiyo nimeyapunguza mazoezi ya kitabu na badala yake nawapa daftari la tafakari. Kila jioni mwanafunzi huandika sentensi chache za masharti zinazohusu maisha yake mwenyewe, na chini ya kila sentensi ya Kiingereza huandika kwa Kiswahili mstari mmoja unaoeleza mambo yalivyo kwa kweli. Tunauita mstari wa ukweli, na msomaji atakayechukua jambo moja tu katika makala haya naomba achukue hilo.

Dereva mmoja wa malori yaendayo Zambia aliandika hivi: "If the queue at Tunduma is long, I sleep in the truck." Mstari wake wa ukweli ulisema kwamba hivyo ndivyo afanyavyo siku zote, kwa hiyo vitenzi vyote viwili vikabaki katika wakati uliopo. Sentensi yake ya pili ilikuwa "If the queue is long on Friday, I will call my wife," na ukweli ulikuwa kwamba Ijumaa haijafika na hajui foleni itakuwaje. Ya tatu ilikuwa "If I owned this truck, I would not drive at night," na ukweli wake ulikuwa mfupi: gari si lake. Ya mwisho ilisema "If I had left Makambako earlier, I would have found a shorter queue," na chini yake akaeleza kwamba alichelewa kuondoka na akaikuta foleni ndefu.

Mifano hiyo yote minne imetoka katika barabara ile ile na foleni ile ile, na kilichobadilika ni umbali wa jambo kutoka kwenye ukweli. Ukiandika "sijui bado", unahitaji wakati uliopo upande wa sharti na "will" upande wa matokeo. Ukiandika kwamba mambo ya sasa ni kinyume cha unachokiwaza, unahitaji wakati uliopita na "would", ingawa wakati huo uliopita hausemi lolote kuhusu jana. Ndiyo maana hata "If I were" hutumika kwa mtu anayezungumzia hali yake ya leo. Ukiandika tukio lililokwisha kutokea na lisiloweza kurekebishwa, utatumia "had" pamoja na "would have". Anza na ukweli, kisha utafute umbo. Wengi hufanya kinyume, wakachagua namba ya aina kwanza na kutafuta la kusema baadaye.

Daftari hili pia hufichua mahali ambapo Kiswahili chetu kinatuvuta. Sisi husema "ningekuwa na mtaji ningefungua duka", tukirudia alama ile ile pande zote mbili, na kwa mazoea hayo mwanafunzi huandika "If I would have capital, I would open a shop." Nawashauri wapitie kurasa zao mwishoni mwa wiki wakiwa na kalamu nyekundu, wakizungushia kila "would" na "will" iliyomo katika kishazi cha "if", kwa sababu karibu zote zinastahili kuondolewa. Nasema karibu zote kwa kuwa yapo maneno ya adabu kama "If you will follow me", ambamo "will" ina maana ya kukubali na ni sahihi. Vilevile utawasikia Wamarekani wengi wakisema "If I would have known" katika mazungumzo ya kawaida, lakini usiipeleke sentensi hiyo kwenye mtihani wala kwenye barua ya kuomba kazi.

Kiambishi "-ki-" nacho kinahitaji uangalifu, kwa kuwa hubeba maana ya "if" na ya "when" kwa pamoja. Unapomwambia mama "nikifika nitakupigia", hakuna anayeshtuka, lakini ukisema "If I arrive, I will call you", msikilizaji wa Kiingereza anaweza kudhani kwamba una mashaka na safari yenyewe. Mstari wa ukweli hukuuliza iwapo unatilia shaka kufika kwako, na kama huna shaka, andika "when". Kwa "-sipo-" sina maneno mengi: "unless" imekwisha kubeba ukanushi ndani yake, kwa hiyo usiiongezee "not" kwa maana hiyo hiyo.

Sehemu inayowachanganya zaidi watu waliosoma Kiswahili vizuri ni kuchanganya nyakati. Shuleni tulifundishwa kwamba "ungesoma ungalifaulu" ni kosa na kwamba "-nge-" na "-ngali-" haziandikwi katika sentensi moja. Kiingereza hakina katazo kama hilo, na pale ambapo sababu ni ya zamani na matokeo ni ya leo, kuchanganya ndiko kunakotakiwa. Muuguzi mmoja aliandika: "If I had accepted the post in Kigoma, I would be in charge of a ward now." Mstari wake wa ukweli ulikuwa na vitenzi viwili, kwamba alikikataa kituo cha Kigoma na kwamba leo hasimamii wodi, kimoja ni cha jana na kingine ni cha leo, na Kiingereza chake kilifuata mgawanyo huo huo. Isitoshe, wengi wetu tunapozungumza tumeiacha kabisa "-ngali-" na husema "ningejua nisingekuja" hata kwa mambo ya mwaka jana, kwa hiyo sikio peke yake halitoshi kukuongoza.

Majuto ni mjukuu, na vitabu vingi vya sarufi vinaonekana kuamini kwamba aina ya tatu, ile ya "had" na "would have", iliumbwa kwa ajili yake. Siwalazimishi wanafunzi kuandika juu ya vifo, ndoa zilizovunjika au mitihani waliyofeli, kwa kuwa mtu mwenye donge kooni hajifunzi sarufi. Waanze na mambo madogo, kama vile mwavuli uliosahauliwa, kisha waingie katika shukrani, ambazo kwa maoni yangu ndizo mazoezi bora kuliko yote. "If my aunt had not paid my fees, I would not have finished Form Four" ni sentensi ngumu yenye ukanushi pande mbili, lakini aliyeiandika hakuikosea, kwa sababu alijua vizuri kwamba shangazi yake alilipa na kwamba yeye alimaliza shule.

Daftari likishajaa kurasa kadhaa, mtafute mwenzako na mzungumze. Andika maumbo marefu kwanza kabla ya kuyafupisha, maana "I'd" inaweza kuwa "I had" au "I would", na anayeanza na vifupisho huishia kutojua amesema kipi. Kumbuka pia kwamba katika mazungumzo halisi watu hawatamki nusu zote mbili mara kwa mara. Mwenzako akikuuliza "What would you have done if she had refused?", jibu la kawaida ni nusu tu: "I would have gone back to the village." Badilishaneni madaftari, kila mmoja aulize kutokana na sentensi za mwenzake, mjibu kwa nusu hizo fupi, na aliyeuliza autaje mstari wa ukweli kwa Kiswahili ili ionekane kama amekuelewa.