Bima ya ulemavu kazini Marekani wakikukatalia: kesi inashinda au inakufa kabla hujafika kortini

Ukipata ile barua ya bima ya kukukatalia, usiwapigie simu. Najua mkono unawasha, hata mimi ulikuwa unaniwasha, lakini simu zao zinarekodiwa na mtu mwenye maumivu na hasira anaongea vitu vingi, alafu kile kimoja ambacho hakikupaswa kusemwa ndo kinaandikwa kwenye faili na unakuja kukutana nacho mbele. Wewe andika barua. Kila kitu kwa barua, na ubaki na kopi.

Nazungumzia bima ya ulemavu ya muda mrefu, ile inayokuja na kazi. Wengi tuliokuja huku kubeba boksi hatujui hata kama tunayo, siku ya kwanza kazini HR anakupa makaratasi kibao unasaini unaenda zako. Ukiumwa ukashindwa kazi inakulipa, mara nyingi asilimia 60 ya mshahara, baada ya kusubiri miezi 3 au 6. Sio ile fidia ya kuumia kazini na sio ya serikali, ni kampuni ya bima ambayo mwajiri wako kaingia nayo mkataba.

Mimi nilikuwa msaidizi wa wauguzi hospitalini hapa upande wa Dallas, Texas, shifti za usiku, kazi yenyewe ni kugeuza watu wazima kitandani. Diski za shingo zikaharibika, nikafanyiwa operesheni, mkono wa kushoto haujarudi mpaka leo, nikikaa kwenye kiti muda mrefu vidole vinakufa ganzi. Bima wakanilipa miaka 2 vizuri tu, alafu wakakata. Na hiyo miaka 2 sio bahati mbaya, mikataba mingi imeandikwa hivyo: miezi 24 ya kwanza wanauliza kama unaweza kufanya kazi YAKO, baada ya hapo wanauliza kama unaweza kufanya kazi YOYOTE inayoendana na elimu na uzoefu wako. Kwahiyo ukikaribia mwezi wa 20 hivi anza kujiandaa, maana hapo ndipo daktari wao anapoingia.

Sheria inayotawala mambo haya inaitwa ERISA, ya mwaka 1974. Chanzo chake kilikuwa pensheni, kiwanda cha magari cha Studebaker kule South Bend, Indiana kilifungwa 1963 na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza pensheni zao, ndo siasa za kulinda mafao ya wafanyakazi zikaanza. Sheria ya kumlinda mfanyakazi, lakini kwenye hizi bima za ulemavu mwenye raha ni kampuni, nawaambia ukweli. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 1987, kwenye kesi ya Pilot Life na Dedeaux, kwamba sheria za majimbo za kumwadhibu bima mwenye roho mbaya hazifanyi kazi hapa. Maana yake huwezi kudai fidia ya mateso, hakuna faini ya kumkomesha, hakuna jury, yaani lile baraza la raia wanaokaa na jaji kuamua kesi, wa kukuonea huruma. Unadai ile hela yako waliyokunyima, riba kama jaji akipenda, na gharama za wakili, basi. Kampuni ikikunyima na ukakata tamaa imefaidi, ikishindwa inalipa ile ile ambayo ingelipa toka mwanzo. Piga hesabu mwenyewe kwanini wanakataa.

(Kama mwajiri wako ni serikali, mfano shule ya umma, au mpango wa mafao ni wa kanisa, na zipo hospitali nyingi za makanisa, mara nyingi ERISA haikuhusu na unaenda kwa sheria ya jimbo, ambayo inaweza kuwa afadhali. Hata bima uliyojinunulia mwenyewe nje ya kazi iko nje. Liulize hilo mapema kabisa.)

Sasa hapa ndo kiini chenyewe. Kwenye kesi ya ERISA jaji karibu kila mara anasoma faili tu. Faili lile lile la kampuni ya bima, kama lilivyokuwa siku walipofunga rufaa yako. Hutapanda kizimbani umwonyeshe mkono wako. Mke wako hatatoa ushahidi. Daktari wako hataitwa. Kitu ambacho hakikuwemo kwenye faili wakati wa rufaa, kwa sehemu kubwa jaji anakichukulia kama hakipo duniani. Kwahiyo zile siku 180 ambazo sheria inakupa kukata rufaa kwa kampuni yenyewe, kabla ya korti, hizo ndo kesi yako. Kuna watu wanaandika rufaa ya ukurasa mmoja, "naomba mniangalie tena mimi bado mgonjwa", wanatuma wiki ya kwanza, wakikataliwa wanasema sasa ntawapeleka kortini, na wakili akiliangalia faili anakuta hamna kitu ndani.

Cha kwanza omba faili zima kwa maandishi. Ni bure, kanuni zinasema hivyo. Sema unataka mkataba wote, noti zao za ndani, ripoti za madaktari wao, video kama zipo. Na mwajiri naye mwandikie akupe nyaraka za mpango, akizidisha siku 30 bila kukupa, jaji anaweza kumpiga faini mpaka dola 110 kwa siku. Sio lazima umtishe, itaje tu kwa upole.

La kwangu lilikuja limejaa. Nikakaa mezani na kalamu, na nilichokikuta kinauma kuliko shingo. Daktari wao hajawahi kuniona, kanisoma kwenye karatasi, kaandika naweza kufanya kazi ya kukaa saa nane kwa siku. Ushahidi wake ni nini? Rekodi za daktari wangu mwenyewe! "Mgonjwa anaripoti anaendelea vizuri." Mara nyingi tu, karibu kila ziara. Sasa mtu wa kwetu ukiulizwa hali yako unajibuje? Nzuri, namshukuru Mungu. Hata kama umelala macho usiku mzima. Muuguzi hapa anapiga chapa ulichosema, na bima wanachomoa hizo sentensi moja moja wanazipanga kama tofali. Ukienda kwa daktari salamu ni salamu, ukishamaliza salamu mwambie kilichotokea wiki hii: nimeshindwa kufunga vifungo vya shati, nimeangusha sufuria, nimelala sakafuni mchana. Na hakikisha anaandika.

Alafu daktari wako asiandike "mgonjwa huyu ni mlemavu hawezi kazi". Barua hiyo haina nguvu. Mahakama Kuu ilisema 2003, kesi ya Black & Decker na Nord, kwamba kwenye ERISA kampuni hailazimiki kumpa daktari wako uzito wa pekee kuliko wao. Kinachosaidia ni namba. Anaweza kukaa dakika ngapi kabla ya kusimama, anaweza kubeba paundi ngapi na mara ngapi, mkono wa kushoto anautumia kiasi gani, kwa mwezi atakosa kazi siku ngapi, dawa zinamsinzisha vipi, na kila namba inatokana na kipimo gani. Madaktari hawana muda, kwahiyo mi nilichapa maswali nikaenda nayo tukajaza pamoja.

Kama unaweza, fanya na kile kipimo cha uwezo wa mwili, unapelekwa kwa mtaalamu wa fizio unabeba, unakaa, unasukuma, unaandika, na bora iwe siku mbili mfululizo kwa sababu siku ya pili ndo mwili unasema ukweli. Sio bei rahisi na bima ya afya mara nyingi hailipi, mi nilikopa kwenye kikoba chetu cha hapa. Mgonjwa wa mgongo akivumilia siku ya kwanza wanaandika anaweza, asubuhi yake hawezi hata kugeuza shingo, na hilo ndo unataka liandikwe na mtu mwenye cheti.

Kwenye faili kulikuwa na video pia. Walinifuata siku kadhaa, karibu yote ni mlango wa nyumba yangu umefungwa, alafu kuna dakika chache nikitoa sufuria la pilau kwenye buti la gari kwenye send-off ya binti wa rafiki yetu. Hizo dakika ndo zimeelezwa aya nzima kwenye barua ya kunikataa. Usiikimbie video, ijibu. Niliandika sufuria lilikuwa la nini, nililibeba kwa mkono upi, hatua ngapi mpaka mezani, na mama mwenye shughuli akaandika maelezo yake kwamba nililala chumba cha ndani sherehe ikiendelea, mke wangu naye akaandika kesho yake ilikuwaje. Maelezo ya watu wanaokuona kila siku yanaingia kwenye faili kama ushahidi mwingine, mchungaji, supavaiza wa zamani, jirani, ili mradi waseme walichokiona kwa macho sio kukusifia. Na picha zako za Facebook mnazocheka kwenye harusi wanazo, jamani.

Kwenye kazi "yoyote", walitoa ripoti ya mtaalamu wao wa ajira, katoa majina ya kazi kadhaa za kukaa, kupokea simu, kupanga miadi. Zinatoka kwenye kamusi ya kazi ya serikali ambayo mara ya mwisho imerekebishwa 1991! Soma mkataba, mara nyingi hiyo kazi nyingine lazima ilipe asilimia fulani ya mshahara wako wa zamani, na kupokea simu wakati mkono mmoja hauchapi ni hadithi. Wakili wangu alitafuta mtaalamu wake akajibu kazi moja moja.

Na Social Security, hifadhi ya jamii ya serikali. Kampuni za bima zinakusukuma uombe SSDI, yaani malipo ya ulemavu ya serikali, hata wanakulipia mtu wa kukusaidia, kwa sababu ukipata wanapunguza malipo yao kwa kiasi hicho, na ile ya nyuma ukilipwa kwa mkupuo wanakuandikia uwarudishie. Usiitumbue hiyo hela! Alafu wale wale waliosema huwezi kazi ili serikali ilipe, wanageuka kusema unaweza. Kesi ya MetLife na Glenn ya 2008 inazungumzia kitu hicho hicho, Mahakama Kuu ikasema jaji anaruhusiwa kuangalia kwamba anayeamua ndiye huyo huyo anayelipa. Kwahiyo uamuzi wa SSDI na ushahidi wake wote uingize kwenye rufaa, na siku hizi barua ya kukataa inatakiwa ieleze kwanini hawakubaliani nao. Pia, kwa madai ya kuanzia Aprili 2018, wakipata ripoti mpya wakati wa rufaa lazima wakupe uijibu kabla hawajaamua. Wakikutumia, jibu, hata kama umechoka.

Wakili umtafute wakati wa rufaa, sio baada. Na sio wale wa mabango ya barabarani wa ajali za malori, ERISA ni kitu chake. Wengi wanachukua asilimia ya kitakachopatikana, theluthi au zaidi kidogo, uliza kabisa kama asilimia hiyo inakula mpaka malipo ya miaka ijayo. Ukishinda hata kwa kiasi fulani jaji anaweza kuamuru bima walipe ada ya wakili, hiyo ni kesi ya Hardt, 2010.

Muda wa kufungua kesi uangalie kwenye mkataba. Mingi inasema miaka 3, na saa inaweza kuanza kuhesabu tangu ulipotakiwa kuleta uthibitisho wa ugonjwa, yaani unakata rufaa na saa inatembea. Mahakama Kuu ilikubali hilo 2013. Ada ya kufungua kesi korti ya shirikisho ni dola 405. Unamshtaki bima au mpango, na mwajiri haruhusiwi kukuadhibu kwa kudai mafao yako.

Kitu kimoja kinaamua sana: kama mkataba una kipengele kinachoipa kampuni mamlaka ya mwisho kuamua nani mlemavu. Kikiwemo, jaji haulizi kama wamekosea, anauliza kama uamuzi wao una akili kiasi, na hapo mlima ni mrefu. Kisipokuwemo anaangalia upya mwenyewe. Texas, California na Illinois wamepiga marufuku vipengele hivyo kwenye bima, na hilo limenibeba, ila mwajiri anayelipa mwenyewe bila kununua bima sheria hizo za jimbo hazimgusi.

Kortini kwenyewe sina mengi. Wanasheria waliandikiana, jaji akatupeleka kwenye usuluhishi, tukakaa chumba chetu wao chao, msuluhishi anatembea katikati na namba. Walitaka kununua kesi yote kwa mkupuo mmoja tuachane, hesabu yao ikawa ndogo ukilinganisha na miaka niliyobakiza kufika 67, tukakubaliana warudishe malipo ya kila mwezi na walipe yaliyokwama. Kama umepewa ofa ya mkupuo mpe mtu wa kodi aiangalie kwanza, maana kama bima alikuwa anailipia mwajiri hiyo hela inakatwa kodi.

Na wakirudisha malipo faili halifungwi. Wanatuma fomu zao kila baada ya muda, wanaomba rekodi mpya, wanaweza kukukata tena wakiona hujamwona daktari nusu mwaka. Kwahiyo miadi yangu siikosi hata siku ambayo najua hana jipya la kuniambia, na fomu nazijaza na tarehe, napiga kopi, natuma kwa posta ya kusaini.