Mkusanyiko wako haujaharibika

Ndugu, unasema umepanga na kupangua mkusanyiko wako wa nyimbo zilizorekodiwa jukwaani hadi zote unaziona takataka. Nadhani sikio limechoka tu. Ziache siku kadhaa, kisha sikiliza mfululizo huku ukifanya kazi nyingine. Pale utakapotamani kuruka wimbo, ndipo penye tatizo. Mara nyingi wimbo wenyewe hauna kosa. Rekodi za jukwaani hupishana sauti: moja inanguruma, inayofuata imenaswa mbali na spika. Sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Halafu makofi ya wimbo mmoja yafifie taratibu huku ya unaofuata yakipanda, maana kimya cha ghafla humtoa msikilizaji ukumbini. Kelele za mashabiki usizifute zote (anayetaka usafi, rekodi za studio zipo). Na maoni omba kwa mtu mmoja anayeupenda muziki huo, si kwa kila rafiki.