Kabla hujachora ufa ulivyoteleza, ikague picha yako

Likipita tetemeko upande wetu, hazipiti siku mbili sijapata ujumbe: "Kaka, nataka kulifanyia utafiti kwa picha za rada za setilaiti, nianzie wapi?" Jibu langu huwavunja moyo wengi: anza kwa kuangalia kina cha tetemeko.

Wengi wanalitaka la Kagera. Nawaelewa. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, liliangusha nyumba Bukoba na kuua watu, na mwanafunzi wa kwetu ana kila sababu ya kutaka kujua ufa uliteleza vipi. Tatizo ni kwamba lilitokea kilomita kama 40 chini ya ardhi. Piga hesabu: kwa ukubwa huo na kina hicho, uso wa ardhi husogea milimita moja mbili tu, wakati mvuke wa maji hewani, tena kando ya Ziwa Victoria, unaweza kuidanganya rada kwa sentimita kadhaa. Hutaona kitu. Na ukiona kitu, kuna uwezekano mkubwa umeona hali ya hewa. Mimi humwelekeza anayeanza aende Karonga, Malawi, matetemeko ya Desemba 2009. Kubwa lao lilikuwa la 6.0, halikupishana sana na la Kagera, ila kule ufa uliteleza karibu na uso mpaka ardhi ikapasuka, na picha zinaonyesha.

Kazi yenyewe ni kulinganisha picha mbili za rada, moja ya kabla na moja ya baada, na kutazama wimbi lililorudi limechelewa au limewahi kiasi gani. Tofauti hiyo huchorwa kwa pete za rangi. Sentinel-1, setilaiti ya rada ya Ulaya, inatumia wimbi la sentimita 5.6, kwa hiyo kila pete ni sentimita 2.8 za ardhi kusogea kuelekea setilaiti au kuikimbia. ALOS ya Wajapani ilitumia wimbi la sentimita 23.6, pete zake ni chache zaidi, lakini inavumilia majani. Kwenye migomba na mashamba yanayolimwa kila msimu, Sentinel-1 hupoteza kumbukumbu haraka, yaani picha ya kabla na ya baada hazilinganishiki tena, na matokeo hubaki chengachenga. Usilaumu programu.

Kuhusu bando: faili moja la Sentinel-1 lina gigabaiti kadhaa, na unahitaji mawili kwa kuanzia. Alaska Satellite Facility, kituo cha data za setilaiti cha Marekani, wana huduma ya HyP3. Unachagua jozi yako, kompyuta zao zinachakata, wewe unapakua matokeo ambayo ni madogo zaidi, bila kulipa. Kuna wasimamizi wanaoona huo ni uvivu. Sikubaliani nao, ilimradi mara moja uipitishe jozi moja kwa mkono wako ndani ya programu ya SNAP au GMTSAR ujue kila hatua inafanya nini.

Sasa kaa na picha. Hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi kuliko kwenye modeli, yaani hesabu ya kukisia ufa uliteleza vipi. Pete za tetemeko la juujuu zina tabia yake: zinabanana kadiri unavyoukaribia ufa, zinakatika kwenye mstari, na upande wa pili zinaanza upya kwa mpangilio tofauti. Pete zinazofuata umbo la mlima, zikipanda nao na kushuka nao, mara nyingi ni hewa. Njia ya kuzikamata ni rahisi. Tengeneza jozi nyingine inayotumia picha ileile unayoitilia shaka, safari hii na tarehe nyingine ya upande uleule wa tetemeko: ya kabla kwa picha ya kabla, ya baada kwa picha ya baada. Doa likijitokeza tena, ardhi haijahusika, ni hewa ya siku ile. Kagua pia kama eneo lako lina picha za pande zote mbili. Setilaiti ikipanda kaskazini inatazama mashariki, ikishuka inatazama magharibi, na msogeo wa kaskazini-kusini karibu hauuoni kabisa. Sisi wa Bonde la Ufa tuna bahati, maana nyufa zetu nyingi zimelala takribani kaskazini-kusini na ardhi inafunguka kwenda mashariki na magharibi huku ikizama.

Kwenye modeli, wengi wetu bado tunatumia milinganyo ya Okada ya mwaka 1985, inayouchukua ufa kama mstatili ndani ya mwamba, wenye urefu, upana, mwinamo na kiasi cha kuteleza. Kompyuta itakupa jibu hata ukiilisha uchafu. Ufa mwembamba ulioteleza sana na ufa mpana ulioteleza kidogo huweza kutoa pete zinazofanana; kinachoshikika vizuri ni zao la eneo na mtelezo. Ndiyo maana napenda programu ya GBIS, ambayo badala ya jibu moja inakupa maelfu ya majibu yanayowezekana, ukaona mwenyewe yametawanyika kiasi gani. Ukifika hatua ya kuugawa ufa vipande vipande, fanya jaribio la drafti: panga mtelezo wa uongo kama ubao wa drafti, tengeneza picha yake, ongeza kelele, halafu iambie kompyuta iurudishe. Karibu na uso miraba itarudi safi. Kilomita 15 chini itakuwa uji. Basi usije ukapamba ripoti yako kwa rangi za kina hicho.

Mwisho, geuza mtelezo wako kuwa ukubwa wa tetemeko, ulinganishe na ule wa mitambo ya matetemeko. Wako ukizidi sana, usiufute wala usiushangilie. Mlima Gelai, kusini mwa Ziwa Natron, Julai 2007, tetemeko kubwa lilikuwa la 5.9 na Nairobi watu walikimbia nje ya majengo, lakini msogeo kwenye picha ulizidi mno kile ambacho matetemeko yote yaliweza kueleza. Sehemu ya ufa iliteleza polepole bila kutikisa, kisha magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ikajipenyeza chini ya mlima. Eric Calais na wenzake waliweza kulisema hilo katika jarida la Nature mwaka 2008 kwa sababu walikuwa na picha za tarehe mbalimbali pamoja na rekodi za mitambo. Wewe ukiwa na jozi moja tu ya siku 12, andika wazi kwamba imejumlisha tetemeko na chochote kilichoteleza baada yake, kisha utafute jozi inayoanzia tarehe ya ile picha yako ya pili.