Hela za kupunguzwa kazini na pensheni

Dada yangu, pole sana kwa kupunguzwa kazini. Umeuliza kama ukitupa ile milioni 1.2 uliyolipwa yote kwenye pensheni utaikwepa kodi. Hapana, si yote. Hapa Kenya, tangu mwisho wa Desemba 2024, mchango wa pensheni unaopunguziwa kodi hauvuki shilingi 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, na usizidi asilimia 30 ya mshahara unaohesabiwa pensheni. Humo ndani NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na makato ya mpango wa pensheni wa kazini yameshakula sehemu yao. Kwa hiyo angalia payslip zako za mwaka huu kwanza, ujue nafasi iliyobaki. Kama ni 200,000 na uko kwenye kodi ya asilimia 30, unaokoa 60,000. Kinachozidi hapo hakikupi nafuu yoyote, na kukitoa baadaye ni kibarua.

Ukiamua, ongea na watu wa mishahara kabla hawajakata PAYE, ile kodi ya mshahara, wapeleke hela moja kwa moja kwenye mpango wa pensheni uliosajiliwa.

Lakini mimi ningetenga kwanza kodi ya nyumba na karo ya miezi sita hivi. Nairobi haimsubiri mtu asiye na mshahara, na landilodi hapokei taarifa ya pensheni.

Halafu kagua hesabu yenyewe ya malipo ya kupunguzwa kazini: sheria inataka angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilisha, mbali na notisi ya mwezi na likizo ambayo hukuenda. Hiyo likizo wengi huisahau. Idai.