Ndege ya saa moja KIA–Dar: je, bado napunguza swala?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Moshi, nauza vipuri vya pikipiki. Zamani nilifuata mzigo Kariakoo kwa basi, mwendo wa kutwa nzima, nikawa napunguza swala (za rakaa nne naziswali mbili) bila wasiwasi. Siku hizi napandia ndege KIA, uwanja wa Kilimanjaro, saa moja na ushei niko Dar, nalala siku mbili narudi. Kaka yangu ananiambia hiyo si safari ya kupunguza swala kwa kuwa sichoki. Ni kweli?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah. Si kweli. Rukhsa hii imefungamanishwa na safari yenyewe na umbali wake, siyo uchovu. Ingekuwa uchovu, basi kuli wa stendi angekuwa wa kwanza kupunguza.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo wengi wetu huku tunayafuata, kiwango ni marhala mbili, yaani farsakh 16. Kwa vipimo vya leo wako waliokadiria kilomita 80 na kidogo, na wako waliofika 89. Kutoka KIA hadi Dar angani ni kama kilomita 450, kwa hiyo umeshavuka mbali. Kwa masafa hayo, kupunguza ni bora kuliko kutimiza.

Hili la mwendo wa haraka wala si jipya. Imam an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alisema kuhusu msafiri wa baharini kwamba hata akikata masafa hayo kwa saa moja, atapunguza. Ndege zilikuwa bado karne nyingi mbele.

Kaka yako umkumbushe pia kisa cha sahaba Ya'la bin Umayya. Alimuuliza Sayyidna Umar: aya ya 101 ya Suratun-Nisaa imetaja kupunguza "mkiogopa" makafiri, na sasa watu wana amani, inakuwaje? Umar akamjibu kuwa naye lilimshangaza, akamuuliza Mtume (s.a.w.), akaambiwa hiyo ni sadaka Mwenyezi Mungu amewapa, basi ipokeeni. Hofu iliondoka, rukhsa ikabaki.

Huhitaji kusubiri ndege iruke. Ukishayaacha majengo ya Moshi wewe ni msafiri, kwa hiyo Adhuhuri ikikukuta KIA iswali rakaa mbili, na ukipenda uivute Alasiri uiswali hapo hapo, mbili pia, kwa nia ya kukusanya uliyoiweka ndani ya Adhuhuri. Itakufaa, maana foleni ya kutoka uwanja wa ndege wa Dar hadi Kariakoo wakati mwingine inaishinda safari yenyewe. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Ukiswali nyuma ya imamu mkazi, timiza nne.

Siku zako mbili Dar hazikuondolei usafiri. Ungenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, ungetimiza tangu unapofika. Wakati wa kurudi unaendelea kupunguza hadi uingie Moshi, hata kama umeshashuka KIA na gari limepita Bomang'ombe.

Anayekwenda KIA kupokea mgeni tu hapunguzi, ni karibu. Na Moshi–Arusha, ambayo ni kama kilomita 80, iko ukingoni kabisa: ukiwa na shaka kama masafa yametimia, timiza swala yako.

Wallahu a'lam.