Fischer Black, butura na kazi ya benki

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama Fischer Black, yule Mmarekani wa hesabu za fedha, alijuta kuacha uprofesa wa chuo cha MIT mwaka 1984 akaenda kufanya kazi benki ya Goldman Sachs, maana nawe benki imekuita na roho yako bado iko chuoni. Ninachojua ni kwamba alibaki hapo hapo Goldman hadi saratani ya koo ilipomchukua, Agosti 1995. Lakini barua yako imenirudisha kwenye kahawa ya babu yako.

Unajua ninavyobadilika nikisikia butura ikitajwa, huko kuuza kahawa ingali shambani. Kisa chenyewe hujakisikia chote, kwa kuwa shangazi yako hapendi kisimuliwe mbele yake. Babu alitakiwa kulipa ada zetu wawili, na kahawa ya Kamachumu ndiyo kwanza ilikuwa imetoa maua. Akaja mnunuzi, akayatazama maua, akataja bei, akahesabu fedha. Mavuno yalipofika bei ilikuwa imepanda sana, nasi tukaichuma, tukaianika, tukaishindilia kwenye magunia ya mtu mwingine. Babu hakulalamika, ahadi ni ahadi. Muhula uliofuata fedha ilitosha ada ya mmoja. Nikarudi shule mimi. Shangazi yako, aliyekuwa akinishinda hesabu kila mtihani, akabaki nyumbani. Majirani wakamwita babu mjinga, na hilo linanichoma kuliko fedha yenyewe. Babu hakuwa mjinga. Aliogopa bei isije ikaanguka, na hofu ya mkulima ina bei yake. Hakupata tu mtu wa kumwambia ni shilingi ngapi.

Ndiyo maana nilipokutana na kazi ya Black, nikiwa tayari mwalimu, niliisoma usiku kucha. Opsheni unaijua wewe kuliko mimi: unatoa arubuni leo, unapata haki ya kuuza kwa bei mliyopatana. Bei ikianguka, unaitumia haki yako. Ikipanda, unauza sokoni na umepoteza arubuni tu. Sasa arubuni hiyo iwe kiasi gani? Watu walikisia miaka na miaka. Black alikuwa amesoma fizikia, kisha akapata uzamivu wa hisabati Harvard mwaka 1964; shahada ya uchumi hakuwa nayo. Yeye na mwenzake Myron Scholes walipopata jibu, jarida la kwanza liliwarudishia makala, la pili nalo likaikataa. Mpaka Merton Miller na Eugene Fama, maprofesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, walipowasemea ndipo lile la kwanza likaichapisha, mwaka 1973, mwaka uleule soko la opsheni la Chicago lilipofunguliwa.

Na jibu lenyewe! Unahitaji bei ya leo, bei mliyopatana, muda uliobaki, riba, na kiasi bei inavyotikisika. Basi. Huulizwi kama bei itapanda au itashuka, kwa sababu aliyekuuzia haki hiyo anaweza kununua na kuuza mali yenyewe kidogo kidogo kila bei inaposogea, hasara ya huku ikafutwa na faida ya kule. Yule mnunuzi alijigamba kwamba analijua soko. Katika hesabu ya Black majigambo hayo hayana pa kukaa.

Najua utanipinga. Utasema butura ni mkopo, Mama, si opsheni. Babu alitaka fedha mkononi, arubuni angeitoa wapi? Kweli. Utanikumbusha pia kwamba Scholes na Robert Merton, aliyeiendeleza hesabu hiyo, walipewa Nobeli ya uchumi mwaka 1997, Black akiwa ameshafariki na marehemu hapewi, na mwaka uliofuata mfuko wa uwekezaji wa LTCM waliokuwa washirika wake ukapoteza zaidi ya dola bilioni 4, mabenki yakachanga bilioni 3.6 kuuokoa. Kweli pia. Lakini Black mwenyewe, akiwa huko huko Goldman, alikuwa ameshaandika makala nzima kuonyesha matobo ya fomula yake. Kwa hiyo mtu anaweza kwenda benki akabaki mwalimu. Nikifika hapo naona nakuruhusu uende. Halafu nawafikiria wanafunzi wako, hasa wanaotoka huku kwetu, na moyo unakataa.

Hofu ya mkulima ina bei yake, nitalisema mpaka mnizike. Ninachotaka kujua ni hofu ya nani utakuwa ukiikokotoa: ya wenye hisa peke yao, au na ya mwenye kahawa?

Jibu langu ninalo, limenijia mdomoni kila aya. Shangazi yako amenikataza kulisema. Anasema yeye nami tuliamuliwa na watu wengine, inatosha. Basi nimenyamaza, kwa shida. Ila kabla hujatia sahihi, waulize hao wa benki kama wanawakopesha wakulima kwa mazao yaliyo bado shambani, na bei ya mazao hayo wanaipangaje. Uniandikie watakavyokujibu.

Mama yako